Namna ya Kuendesha Baiskeli kwa Usalama katika Barabara za Mombasa

Njia maalumu za baiskeli ni chache Mombasa, na hata zilipo hazikai wazi kwa muda mrefu: mara kuna mkokoteni wa maji umeegeshwa, mara bodaboda zimejipanga zikingoja abiria, mara njia yenyewe imekatika ghafla mbele ya kituo cha matatu. Mstari wa rangi haumzuii dereva mwenye haraka, na ni haki yetu kudai njia zilizotengwa kwa ukingo wa saruji. Hadi zitakapojengwa, mwendesha baiskeli anapaswa kujua namna ya kuingia barabarani pale njia inapomwishia.

Usingoje mpaka ukifikie kizuizi. Ukiwa bado na nafasi ya kama mita 20, geuza shingo utazame nyuma upande wa kulia, nyosha mkono wa kulia, kisha uingie taratibu baada ya kuhakikisha kwamba gari linalokuja liko mbali au limepunguza mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mjini, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja, na sekunde hiyo humwishia dereva katika kukuona na kuamua, kabla mguu wake haujagusa breki.

Ukishaingia, usijibane kwenye ukingo wa lami. Huko ndiko mchanga, mashimo na mifuniko ya mitaro iliyovunjika hukusanyika, na anayejibana huwashawishi madereva wampite kwa kumgusagusa. Acha nafasi ya kama mita moja kutoka ukingoni, uende kwa mstari ulionyooka. Nafasi hiyo hiyo uiache unapopita magari yaliyoegeshwa, kwa mfano katika Barabara ya Moi, kwani mlango hufunguliwa bila taarifa.

Matatu iliyosimama usiipite kwa kushoto. Mlango wake uko upande huo, na abiria anayeshuka Kongowea au Mwembe Tayari akiwa na kapu mkononi hatazamii kukutana na baiskeli kati yake na ukingo. Ukiona makanga amekwisha kuning'inia mlangoni na kupiga bodi, jua kwamba gari litakata kuja kushoto wakati wowote, hata kama taa ya kuashiria haijawashwa. Baki nyuma yake.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni malori ya kontena yanayoingia na kutoka bandarini kupitia Changamwe, Makupa na Shimanzi. Magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukata kona kwa ndani. Dereva anayetaka kupinda kushoto huanza kwa kuvuta kichwa cha lori kulia, na hapo upande wa kushoto hufunguka nafasi pana inayomshawishi mwendesha baiskeli apenye. Kadiri trela linavyozunguka, nafasi hiyo hujifunga, na tairi za nyuma huja kupita pale pale alipo. Dereva aliyeketi juu, upande wa kulia, hawezi kumwona mtu aliye chini ya dirisha la kushoto. Kwa hiyo lori likisimama kwenye makutano, simama nyuma yake, mbali kiasi cha kuuona uso wa dereva katika kioo chake cha pembeni. Usipouona, naye hakuoni. Hata ukichelewa, usipenye.

Kupinda kulia katika barabara pana kama ya Jomo Kenyatta hakuhitaji ujasiri. Nenda moja kwa moja hadi upande wa pili wa makutano, shuka, kisha uvuke pamoja na watembeao kwa miguu. Kwenye raundabauti, wape nafasi wanaotoka kulia kwako, na kama magari yamesongamana, sukuma baiskeli pembeni.

Likoni, shuka kabla ya mteremko wa kuingilia feri, kwa sababu huwa umelowa na kuteleza. Sukuma huku ukiwa umeshika breki, na usipande tena mpaka umalize mwinuko wa ng'ambo.

Wakati wa masika, breki za mpira zinazobana ukingo wa gurudumu hupoteza nguvu nyingi zikilowa, kwa hiyo anza kuzishika mapema, tena kidogo kidogo. Kila dimbwi lichukulie kuwa ni shimo. Hewa ya chumvi hula nyaya za breki na mnyororo haraka, hivyo vifute na kuvipaka mafuta kila wiki, lakini mafuta yasiguse mpira wa breki. Ikikaribia magharibi, washa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma kabla giza halijaingia, na uvae kizibao cha kuakisi mwanga juu ya nguo zako, si chini ya mkoba wa mgongoni unaokifunika.