Somo: Kujaza risasi zenye shabaha kwa bunduki ya kuwindia

Mwindaji ana deni moja kwa mnyama: risasi ya kwanza, ile inayotoka mtutu ukiwa baridi, itue pale ilipoelekezwa. Somo hili linafuata deni hilo. Hatutafuti kundi dogo la matundu la kupiga picha, tunatafuta mjazo (risasi unayojiundia mwenyewe kwa ganda, fataki ya kuwasha, baruti na kichwa) utakaorudia jambo lilelile kila siku.

Hatua ya 1: Kichwa cha risasi
Chagua kwanza kichwa kinachomfaa mnyama, kisha angalia kama mtutu wako unakiweza. Vichwa virefu vinahitaji mtutu wenye mifuo (mifereji ya mzunguko ndani yake) inayozunguka kwa kasi zaidi. Visipozungushwa vya kutosha huyumba hewani, na hakuna baruti itakayotibu hilo.

Hatua ya 2: Maganda
Tumia maganda ya kiwanda kimoja yaliyopigwa idadi sawa ya mara. Unapoyarudisha umbo, sukuma bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingo) nyuma kidogo tu, kama milimita 0.05 kutoka kipimo lilichotoka nacho kwenye chemba (tundu la bunduki linaloshika risasi). Ukisukuma zaidi, ganda hunyooka kila lipigwapo na mwisho hukatika karibu na kitako. Pima urefu pia: shingo iliyozidi hubanwa na chemba, kichwa kikashindwa kuachia, mgandamizo wa gesi ukapanda. Lenye ufa litupe.

Hatua ya 3: Baruti
Fuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, na anza na kiwango cha kuanzia. Usishuke chini yake pia, kwani baruti inayoungua polepole ikijazwa kidogo mno inaweza kuleta mgandamizo wa hatari. Panda kwa takriban asilimia 1 ya uzito kila hatua. Mizani nyingi husoma kwa greni. Greni 1 ni gramu 0.0648, kwa hiyo mkono usio na utulivu unatosha kuharibu kazi. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti. Kabla ya kukalisha vichwa, mulika tochi ndani ya kila ganda uone kina cha baruti kinalingana.

Mkono wa boliti (komeo linalofunga chemba) ukiwa mzito kuinuka, kitako cha ganda kikiwa na alama inayong'aa, au fataki ikibonyea bapa au kutoboka, acha hapo hapo. Zilizobaki za kiwango hicho na cha juu yake zivunjwe, zisipigwe. Na kutoziona dalili hizi si ruhusa ya kuvuka kitabu. Mara nyingine hujitokeza hatari ikiwa imeshapita.

Hatua ya 4: Kwenye shabaha
Hapa ndipo wengi hudanganyika. Matundu matatu yaliyogusana hayathibitishi chochote. Bahati inatosha kuyaleta. Tafuta viwango viwili vitatu vinavyofuatana ambavyo matundu yake yanatua kimo kimoja, halafu chukua cha katikati. Kosa dogo la mizani halitakiyumbisha. Kisha piga angalau risasi kumi za kiwango hicho kwa siku tofauti, ukiacha mtutu upoe. Zikikaa ndani ya milimita 29 kwa mita 100, yaani dakika moja ya pembe (sehemu ya sitini ya digrii), una bunduki nzuri sana ya porini.

Hatua ya 5: Kina cha kichwa
Anzia kama nusu milimita kabla ya mifuo, kisha rudisha nyuma kidogo kidogo. Risasi lazima iingie kwenye magazini. Kichwa kinachogusa mifuo hupandisha mgandamizo, na kina ubaya mwingine: ukifungua boliti bila kufyatua, kichwa kinaweza kubaki kimekwama mtutuni na baruti ikamwagika ndani ya bunduki. Windo limekwisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Rafiki yangu ana bunduki ya aina ileile. Naweza kunakili mjazo wake?
Hapana, ndugu. Chemba mbili hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja. Kilicho salama kwake kinaweza kuzidi kwako. Anza chini.

Nimebadili fataki tu, vingine ni vilevile. Nirudi mwanzo?
Ndiyo. Fataki peke yake hubadili mgandamizo. Shuka upande upya.

Kronografu (kipima mwendo wa risasi) ni ya lazima?
Kwa mita 100 unaweza kuishi bila hiyo. Mbali zaidi, tofauti ya mwendo hugeuka tofauti ya kimo, nawe huwezi kuijua kwa macho. Pia kasi inayozidi ile ya kitabu ni onyo la mgandamizo.

Asubuhi boliti inafunguka vizuri, jua likiwaka inakaza. Kwa nini?
Baruti nyingi huongeza mgandamizo zikipata joto. Mjazo wako uko ukingoni. Punguza, kisha ujaribu tena saa ya joto kali unayotarajia kuwinda. Risasi ziwekwe kivulini, na usiiache risasi ndani ya chemba iliyochemka.