Namna ya kumchagulia kijana riwaya atakayoimaliza

Duka langu la stesheneri liko Buzuruga, Mwanza, karibu na stendi. Nina mashine mbili za kopi, rimu za karatasi, kaunta buku, gundi, na nyuma yangu kuna rafu moja ya riwaya ninazoazimisha kwa shilingi 500 kwa wiki. Amana ni 3,000, inarudi kitabu kikirudi. Wanaoazima ni wanafunzi wa sekondari, wengi wa kidato cha pili hadi cha nne. Haya ninayoyaandika ni kwa mzazi, mwalimu au mwenye duka mwenzangu aliye na vitabu vichache na vijana wanaosema hawapendi kusoma.

Kwanza, weka mafunzo pembeni. Mzazi akiingia huanza na maneno yaleyale: "Naomba kitabu kizuri cha kijana wangu, kiwe na mafunzo." Namwitikia kwa heshima, kisha namwomba amlete kijana mwenyewe. Kitabu kilichochaguliwa na mzazi kwa ajili ya mafunzo hurudi kikiwa safi kabisa, hata kona haijakunjika, na kijana anakuwa na maelezo marefu kuhusu mitihani ya majaribio. Mafunzo yamo humo humo, yatamfikia tu. Kinachomfanya asome usiku kwa tochi ya simu ni mtu aliyemo ndani ya kitabu: anataka kujua kama amepona, kama amerudi nyumbani, kama amemwambia mama ukweli au bado anamficha.

Basi unamtafutia kijana wako mtu, na huwezi kumtafutia mtu wakati yeye mwenyewe humjui hata kidogo. Usimwulize anapenda vitabu gani. Atakujibu "vyovyote tu" huku akitazama bodaboda zinazopita. Mwulize habari za filamu. Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, tunavyo, na filamu za humo zimeingizwa Kiswahili na madijei ambao huongeza na vichekesho vyao; vijana wanazijua kwa kichwa. Ila usiulize ni ipi aliipenda, uliza nani alimuudhi. Kupenda, wote wanampenda anayeshinda. Kwenye kuudhika ndipo kila mmoja anajitofautisha.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Mama yake ananunua dagaa pale Mwaloni Kirumba na kuwasafirisha. Mashine ilikuwa bado inapasha moto, nikaona nimchokoze.

"Filamu ya mwisho uliyoona ni ipi, mwanangu?"

"Ile ya yule dada wa upinde, anti. Wanayochaguliwa watoto wakauane."

"Nani alikuudhi humo?"

"Mama yake." Hakufikiri hata kidogo. "Mume kafa, basi yeye kajikalia tu. Mtoto ndo anatafuta chakula cha nyumba nzima. Mimi nisingemsamehe."

Nikajua nimepata. Huyo ni mtoto wa kwanza, na kuna kitu anakibeba nyumbani ambacho hatakisema kaunta. Nikamshushia kitabu chenyewe, *The Hunger Games* cha Suzanne Collins, kilichotoka Marekani mwaka 2008. Akaguna kwamba ni Kiingereza. Nikamwambia hadithi anaijua tayari, kwa hiyo hatapotea. Halafu nikampa chambo: kwenye filamu unamwona Katniss, huyo dada wa upinde, usoni, lakini kitabu kizima anakisimulia mwenyewe, na hesabu zote anazopiga kichwani unazisikia. Huyo mama aliyemuudhi, humo atamkuta Katniss akimsema kwa maneno yake mwenyewe.

Hilo la kutumia filamu wanayoijua kama daraja la Kiingereza nalipendekeza kwa yeyote. Wanafunzi wetu wanafundishwa kwa Kiingereza lakini wengi hawajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa raha. Wakiijua hadithi, neno gumu haliwasimamishi. Na kuna mambo katika kitabu hicho ambayo msomaji wa pembeni mwa ziwa anayapata upesi. Katniss anawinda nje ya uzio, mahali sheria inapokataza, na nyama anaiuza kwenye soko la magendo ambako hata askari wenyewe ni wateja wake. Mtoto aliyekulia karibu na mwalo wa wavuvi, akisikia habari za nyavu haramu na doria kila wiki, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia hapo.

Alipokirudisha hakuongelea upinde wala mashindano. Aliongelea Prim, yule mdogo wake Katniss mwenye miaka 12. Dada anajitolea kwenda kufa badala yake, mwanzoni kabisa mwa hadithi, na binti huyu alikuwa na swali moja: "Na Prim akikua, ataishije akijua hilo?" Nikamwambia viko vingine vinavyofuata.

Kutokana na watu kama yeye nimejifunza kuwapanga wahusika rafuni kwa mzigo wanaoubeba. Mwandishi na mwaka havinisaidii sana. Nakueleza ninavyopanga, wewe utapanga kwa vitabu ulivyonavyo.

Kuna wanaolea wadogo zao au kuisaidia nyumba kabla ya umri. Hapo namweka Katniss, na Peter na Zita wa *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo, wale wanaoacha kwenda shule kwa kukosa ada na sare, wakaishia kutafuta riziki jalalani Dar es Salaam. Wengi wamekisoma hicho kwa ajili ya mtihani na wanakiona kama adhabu. Nawaambia wakisome tena bila kalamu mkononi.

Kuna wanaomtafuta mzazi. Hawa ni wengi kuliko unavyodhani, maana huku baba anaweza kuwa migodini Geita au visiwani mwaka mzima, na simu hazipokelewi. Kijana wa namna hiyo nampa *Siku Njema* cha Ken Walibora, cha mwaka 1996: mvulana wa Tanga anayeitwa Kongowea Mswahili, mama amefariki, anavuka mpaka kwenda Kenya kumsaka baba asiyemjua. Simwambii kwa nini nimempa. Namwambia tu kina safari nyingi.

Kuna wavulana wanaotaka ugomvi. Wape ugomvi, lakini mwenye kupigana awe na kitu cha kupoteza. Ninacho kimoja chakavu, *The Outsiders* cha S. E. Hinton, cha mwaka 1967. Ponyboy ana miaka 14, wazazi wamekufa kwa ajali, analelewa na kaka yake mkubwa, na mtaani watoto wa maskini wanapigana na watoto wa matajiri. Ni chembamba, Kiingereza chake chepesi. Wakishamaliza ndipo nawaambia aliyeandika alikuwa binti, na alianza kukiandika akiwa mwanafunzi wa sekondari kama wao. Mvulana mmoja alinibishia mpaka nikamwonyesha nyuma ya jalada.

Na kuna waliochoka na huzuni. Nyumbani ipo ya kutosha, hawataki kuja kuilipia 500. Hawa nawapeleka kwa Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyeanza na *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Kiswahili chake cha Unguja kinawachekesha kabla hata maiti haijaonekana.

Asiyepata nafasi kwenye rafu yangu ni yule mtoto mwema mwanzo mwisho, anayeamka alfajiri, hasemi uongo, anafaulu, anakuwa daktari na kujenga zahanati kijijini. Vijana wanamnusa kuanzia ukurasa wa tatu. Hakuna wa kumbishia, hakuna wa kumwonea huruma, basi wanamwacha.

Ukishachagua, fanya jaribio kabla hajalipa. Mpe kitabu asimame pale pale asome mwanzo, wewe endelea na kazi zako. Usimkodolee macho. Mimi huwa nalaminisha vitambulisho huku namwangalia kwa pembeni. Akifungua ukurasa wa pili bila kuambiwa, mwandikie kwenye daftari. Akianza kupekua kurasa za mbele akiangalia kama kuna picha, kirudishe rafuni upesi, mpe kingine. Kwa vitabu vya Kiingereza namwambia akunje kidole kila akikutana na neno ambalo hana habari nalo. Ngumi ikifungwa kabla ukurasa haujaisha, tunatafuta chepesi zaidi.

Sasa *Rosa Mistika*. Huwezi kuwa na rafu ya vijana Mwanza usiulizwe habari zake, kwa sababu Euphrase Kezilahabi alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe na Rosa ni binti wa Namagondo huko huko. Watoto wa Nansio wakiona majina ya kwao yamechapwa kitabuni wanashangaa kama wameona ndugu yao kwenye televisheni. Kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku shuleni, na habari hiyo peke yake inawatosha kukitaka. Mimi nakitoa, ila kwa utaratibu. Sikitoi chini ya kidato cha tatu. Namwambia msomaji waziwazi kwamba kuna mambo mazito ya mapenzi, mimba na kifo, na mwisho wake unauma. Kijana ninayemwona yuko kwenye matatizo ya namna hiyo wakati huo huo, namwambia kimeazimwa, nampa kingine, nami naanza kuuliza habari zake taratibu. Mzazi akipinga sibishani naye. Namkaribisha akisome yeye kwanza, bure. Wapo waliokisoma wakaja kuniazima kingine.

Kitabu kikirudi usimwombe muhtasari. Muhtasari unanuka mtihani, na "jadili jinsi mwandishi alivyofanikiwa kuielimisha jamii" ndiyo iliyowafukuza wengi kwenye riwaya. Uliza kitu ambacho hakina jibu kwenye vitabu vya maswali na majibu. Ungempa huyu namba yako ya simu? Angekuja kwenu kuomba hifadhi usiku, ungemfungulia? Nani kwenye kitabu hiki alihitaji kuombwa radhi na hakuombwa?

Nina benchi nje ya duka, chini ya turubai. Siku moja wawili walikirudishia Rosa hapo, mvulana na binti, wakavaana kuhusu Zakaria, baba yake Rosa, anayemchapa binti kwa sababu ya barua ya mvulana.

"Mzee alikuwa sawa," akasema mvulana. "Binti akiachiwa anaharibika. Si ulimwona alivyofika shule?"

"Aliachiwa lini?" binti akamrukia. "Hajaachiwa hata siku moja. Ndo maana alipotoka kwao hakujua hata kukataa."

"Lakini barua alipokea."

"Kupokea barua ndo kupigwa vile? Wewe meseji zako baba yako anazisoma?"

Mvulana akanigeukia mimi nimwokoe. Sikumwokoa. Huo ndio wakati wa mtu mzima kunyamaza na kutafuta kazi ya kufanya. Nikaingia ndani kupanga rimu. Ukitoa hukumu wewe, mjadala umekufa, na wiki ijayo watakuja kukuuliza wewe unafikirije kabla hawajafikiri wao. Waliendelea mpaka hiace ya Igoma ikaja kumchukua mmoja wao.

Asiyemaliza kitabu asitozwe wala asisemwe. Nambadilishia mara moja bila malipo, ila aniambie aliachia ukurasa gani na mhusika gani alimchosha. Jibu hilo linanisaidia kuliko sifa. Wakikiachia wengi sehemu moja, najua tatizo liko kwenye kitabu.

Mengine ni ya kawaida. Vitabu vya zamani utavipata kwa wanaotandika chini mjini, ila kagua kurasa za mwisho kabla hujalipa. Riwaya ya upelelezi isiyo na mwisho itakuletea ugomvi. Kadi ya Maktaba ya Mkoa nayo inafaa, kwa wanaoweza kufika. Vifunike jalada kwa nailoni ngumu siku hiyo hiyo uliyonunua, kwa sababu mvua za huku hazipigi hodi na mabegi ya shule yanabeba na samaki. Kwenye kaunta buku andika jina, shule, namba ya mzazi na tarehe, mwanafunzi atie sahihi mwenyewe.

Watakuja pia wa kukuomba uwatolee kopi kitabu kizima. Kataa. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, na COSOTA, wanaosimamia hakimiliki, wapo, lakini hata bila hao mwandishi anakula kwa kitabu hicho. Mimi mwenye mashine za kopi nikianza kuchapa riwaya za watu usiku, hiyo rafu haina maana.

Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, kwa hiyo mwezi mmoja kabla nasimamisha kuwaazima wa kidato cha nne, hata wakilalamika. Desemba nafungulia wote. Wanaopanda meli kwenda Nansio likizo wanachukua viwili kwa bei ya kimoja, warudishe Januari shule zikifunguliwa. Jalada likichanika kidogo amana narudisha yote. Ukurasa ukipungua sirudishi, hata kama ni mdogo wake ndiye aliyeutengenezea mtumbwi wa karatasi.