Mamma, zio, nipote: kuitaja familia kwa Kitaliano

Nafundisha Kitaliano vijana wa Malindi wanaotafuta kazi mahotelini, na sianzi na menyu, naanza na familia. Mgeni wa Kitaliano akishazoea sura yako, kahawa haijapoa atakuwa anakuonyesha picha za wajukuu kwenye simu.

Padre na madre ni maneno ya kumtajia mzazi. Kumwita mwenyewe ni papà na mamma. Papà kazia mwishoni. Ukikazia mwanzoni umemtaja Baba Mtakatifu wa Roma. Watu wa Toscana husema babbo, na hilo darasani halijawahi kumshinda mtu. Mamma, nonno (babu) na nonna (bibi) zina konsonanti mbili, basi ishikilie kidogo. Nono yenye n moja ni "wa tisa".

Mwana ni figlio au figlia, na hiyo gli isikutishe: tamka "filyo". Gn nayo ni ny yetu ya nyumba, kwa hiyo cognato, yaani shemeji, ni "konyato". Wifi ni cognata. Mama mkwe ni suocera, "swochera".

Sasa baba mdogo, baba mkubwa na mjomba: wote zio. Shangazi na mama mdogo: zia. Usitafute zaidi, hakuna. Tena nipote ni mjukuu na ni mpwa pia, wa kiume kwa wa kike. Ukionyeshwa picha, subiri mzee ajiite nonno au zio ndipo umpongeze. Na waliosoma Kiingereza wajihadhari: parenti ni jamaa, wazazi ni genitori.

Penye kazi ni "yangu". Kwa vitu vya kawaida Kitaliano hutanguliza il au la: il mio telefono, la mia borsa. Akiwa jamaa mmoja, kile kijineno kinaondoka: mio zio, mia sorella. Wakiwa wengi kinarudi: i miei fratelli, le mie sorelle. Ukiongeza sifa, kinarudi vilevile: la mia sorella minore, dada yangu mdogo. Na "yao" haikiachi kamwe: il loro padre. Zirudieni kwa sauti mkiwa njiani, hakuna dawa nyingine. Ila mio na mia sisi hatusumbui sana, maana hufuata kinachomilikiwa, kama vile changu kinavyofuata kitabu. Suo padre ni baba yake, awe wa Maria au wa Marco.

La mwisho ni adabu. Sisi kila mwanamke mtu mzima ni mama, na mwenye mvi ni bibi. Usiwapelekee hayo. Mgeni wa kike mwite signora, hata akiwa na wajukuu kumi. Ukimwita nonna na hakukuzaa wala hakumzaa mzazi wako, bakshishi sahau.