Kupanga chumba cha kompyuta shuleni: anza na erthi, viti baadaye

Mwalimu mmoja wa TEHAMA, wa shule ya kata hapa mkoani Tanga, alipata kompyuta ishirini za mezani zilizokwisha kutumika, akaniomba nimsaidie kuzipanga. Tulizipanga kwa Jumamosi mbili. Ninaandika hatua zote kwa mpangilio tulioufuata, kwa sababu walimu wengine wawili wameshaniuliza maswali yaleyale.

Hatua ya 1: Mlango

Chumba kina nondo madirishani, na ni sawa, kompyuta huibiwa. Lakini hiyo ina maana kwamba mlango ndiyo njia pekee ya kutokea. Kipindi kikiendelea, geti la chuma liwe wazi na kufuli liwe mfukoni mwa mwalimu, lisining'inie kwenye geti. Pasiwe na meza wala mabegi kati ya kiti cha mwisho na mlango.

Hatua ya 2: Erthi

Hapa nitakaa sana. Erthi ni waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Miaka kadhaa nyuma, katika shule nyingine, wanafunzi walilalamika kwamba kompyuta "zinapiga". Nilikwenda asubuhi nikatoka jua limezama. Niliwasha kompyuta moja, nikaipima, haina kitu. Nikaizima nikawasha ya pili, haina kitu. Nilipita zote namna hiyo. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha pawasaplai mbili (kifaa kinachoipa kompyuta umeme), nikapima soketi kwa multimita, yaani kipimo cha volti: kati ya laini (waya wenye umeme) na erthi nikasoma volti 230, kama inavyotakiwa. Nikamwambia mwalimu chumba ni salama. Jumatatu watoto wakaingia, kompyuta zote zikawashwa pamoja, na msichana mmoja akaruka kwenye kiti alipogusa kasha la kompyuta.

Ndani ya pawasaplai ya kila kompyuta kuna vikapasita vidogo vinavyochuja kelele za umeme, na vikapasita hivyo huvujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye kasha la chuma. Kwa kompyuta moja, kwa kawaida ni chini ya miliampia moja. Waya wa erthi ukiwa mzima, umeme huo huenda ardhini na hakuna anayejua. Waya ukikatika kabisa, kasha hukaa kwenye takriban nusu ya umeme wa soketi, yaani volti kama 115. Pale haukuwa umekatika kabisa. Wezi wa shaba walikata waya unaokwenda kwenye fimbo ya nje, ile ya chuma iliyopigiliwa ardhini, na mtu fulani akaunganisha kwa kipande cha waya wa kufungia nondo, kikazikwa, kikaoza kwa kutu. Kwa kompyuta moja, kutu ile ilitosha kupitisha. Kwa ishirini, mivujo ilijumlishana, haikupita yote, ikarudi kwenye makasha. Ndiyo maana kupima moja moja hakukuonyesha kitu. Na multimita ilinidanganya kwa sababu haivuti umeme wowote wa maana: hata uzi wa kutu ukiwa bado umeshika, itakusomea 230.

Usipuuze kwa kusema ni mtekenyo tu. Mtekenyo ni taarifa kwamba njia ya kwenda ardhini haipo au ni mbovu. Siku waya wa laini utakapogusa kasha, atakayekuwa njia ni mtoto.

Basi fanyeni hivi:

Toka nje, ifuate erthi kwa macho kuanzia kwenye mita ya Luku na ubao wa sakiti breka hadi kwenye fimbo. Usiulize kama ipo, ione. Klampu iwe imekaza, waya uwe wa shaba, mzima, bila kiungo katikati. Kama fimbo imefukiwa, fukua kichwa chake.

Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na umwambie waziwazi: njoo na kipimo cha erthi. Akija na tesita peke yake, ile bisibisi yenye taa, mrudishe. Taa ya tesita huwaka hata kwa kiasi kidogo mno cha umeme, haiwezi kukupa jibu. Wapo mafundi wanaopima kwa kuwasha balbu kati ya laini na erthi. Balbu ikiwaka kwa nguvu, erthi inapitisha. Ikififia, ni mbovu. Njia hiyo hufanya kazi, lakini erthi ikiwa mbovu, kwa muda wote ambao balbu iko pale kila kasha lililochomekwa linapata umeme. Kwa hiyo plagi zote zichomolewe, watoto wawe nje, na mwalimu asijaribu mwenyewe.

Fimbo nzuri peke yake haitoshi. Tuseme ukinzani wa ardhi yenu ni ohm 20, na wakati wa kiangazi huongezeka. Gawa 230 kwa 20, unapata ampia 11.5. Fyuzi ya plagi ni ya ampia 13. Haitaungua, na kasha litaendelea kuwa na umeme. Kinachookoa hapo ni breka ya RCD ya miliampia 30, ambayo hukata umeme ikiona kiasi kinachotoka hakilingani na kinachorudi. Kama bajeti yenu inatosha kitu kimoja tu, nunueni hii kabla ya projekta, kabla ya viti, kabla ya rangi. Mimi siweki zaidi ya kompyuta kumi kwenye RCD moja, maana ile mivujo midogo ikijumlishana inaweza kuiangusha, yaani kuifanya ikate umeme, bila kosa lolote, halafu mtu aliyechoka anaiondoa. Ina kitufe cha majaribio. Kibonyezeni kila mwezi, na isipoanguka, ibadilishwe.

Kuhusu kumwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la fimbo: kwetu pwani siikubali. Chumvi huoshwa na mvua na hula chuma. Afadhali mpigilie fimbo ya pili, mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe, ziunganishwe.

Hatua ya 3: Viatu

Karibu kila chumba cha kompyuta nilichoingia kina kibao mlangoni: VUA VIATU. Kimewekwa kwa sababu ya vumbi. Nimekiondoa kila nilipopewa ruhusa. Mtoto aliye peku juu ya sakafu ya saruji, masika, mikono ina jasho, na chuma mbele yake, amewekwa mahali pabaya kuliko mtoto mwenye viatu vyenye soli ya mpira. Yule msichana alikuwa na soksi tu. Vumbi lina dawa zake: tambara bichi mlangoni la kufutia soli, sakafu ipigwe deki jioni umeme ukiwa umezimwa, na makasha yapulizwe ndani mara moja kwa muhula. Kompyuta yenye vumbi inasafishika.

Hatua ya 4: Ekstensheni

Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni. Moja ya ampia 13 inabeba wati 2,990 kwa hesabu, na kompyuta kumi za zamani zenye monita za kioo kinene zinaweza kukaribia hapo. Birika la chai la walimu, ambalo peke yake huweza kula wati 2,000, likae ofisini. Nyaya zipite ukutani, zisikatize njia.

Monita hizo za kioo kinene zisifunguliwe na mtu yeyote shuleni, hata zikiwa zimechomolewa. Ndani hubaki umeme wa maelfu ya volti.

Hatua ya 5: Meza, viti, macho

Meza nyingi zimetengenezwa kwa mtu mzima. Mtoto wa kidato cha kwanza akikaa, miguu inaning'inia na mabega yanapanda hadi masikioni. Weka kiti kirefu kiasi kwamba viwiko vyake viwe sawa na kibodi, kisha mpe kitu cha kukanyagia. Sisi tulitumia tofali zilizofungwa kwa magunia, zinatosha kabisa. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa. Msiweke monita juu ya kasha lililolazwa, kwa mtoto mfupi ni kutazama dari. Kasha lenyewe likae juu ya ubao, lisiguse sakafu inayopigwa deki.

Dirisha liwe ubavuni mwa mwanafunzi. Likiwa nyuma yake linang'aa kwenye skrini, likiwa mbele linamchoma macho. Pangaboi liwe linazunguka kabla hawajaingia.

Vipindi viwili mfululizo ni dakika 80. Kila baada ya dakika 20, wote wainue macho watazame kitu kilicho mbali zaidi ya mita 6 kwa sekunde 20. Pale shuleni kuna mwembe, tunautumia huo. Dakika ya 40 wasimame.

Hatua ya 6: Siku ikiharibika

Swichi kuu iwe ndani ya chumba, karibu na mlango, imepakwa rangi nyekundu, na kila mwanafunzi awe ameizima kwa mkono wake mara moja katika somo la kwanza. Mwenzao akishikwa na umeme wasimguse, wakimbilie swichi. Haifikiki? Wamsukume kwa mti mkavu. Moto: mtungi wa kaboni dayoksaidi, kamwe maji. Mtungi wa poda pia huzima, ila poda huingia ndani ya kila kompyuta.

Mwisho, wekeni daftari mezani pa mwalimu lenye safu tatu: tarehe, namba ya kompyuta, na "imepiga?" Mtoto akisema imepiga, iandikwe, zizimwe zote na plagi zichomolewe, na mtu atoke nje akaangalie ule waya wa shaba kama bado upo.