Jinsi Kaya ya Wakulima Inavyoweza Kuongeza Vyanzo vya Mapato

Kaya inayotegemea zao moja hupata fedha kwa mkupuo, mara moja au mbili kwa mwaka, ilhali matumizi yake hayasubiri mavuno. Kabla ya kuchagua mradi wowote, orodhesheni miezi yote 12, na mbele ya kila mwezi mwandike fedha zinazoingia, zinazotoka, na kazi za shambani zinazohitaji nguvu ya kila mtu. Miezi yenye ukata itajidhihirisha yenyewe, na hiyo ndiyo inayopaswa kuamua mradi, wala si habari za jirani aliyefanikiwa.

Jiulizeni pia kama ukame utakaounguza mazao utaua na mradi huo mpya. Mtu anayelima nafaka, akafuga ng'ombe wanaokula mabua yake, kisha akafanya vibarua katika mashamba ya wenzake, huonekana ana vyanzo vitatu. Lakini mvua ikikosekana, malisho huisha, vibarua hukoma, na mifugo huuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa kila mfugaji anauza wakati huohuo. Kwa maoni yangu, huyo bado ana chanzo kimoja tu. Ni afadhali mmojawapo wa wanakaya ashike ufundi, kama vile ushonaji, useremala au ukarabati wa baiskeli, na ikiwezekana atafute wateja wanaolipwa mishahara, kwa sababu hata fundi hukosa kazi kijiji kizima kinapokosa mavuno.

Mkiamua kufuga, pimeni muda wa kusubiri. Mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku 21, na vifaranga wa kienyeji huchukua takriban miezi 6 hadi kuanza kutaga. Mbuzi hubeba mimba kwa takriban miezi 5, na ng'ombe kwa 9. Anayehitaji fedha za karibuni asianze na ng'ombe. Nyuki hawahitaji eneo kubwa na huchavusha mazao, mradi mizinga iwekwe mbali na makazi na dawa za wadudu zisipulizwe wakati wa maua.

Kuchelewa kuuza nafaka hadi bei ipande nako huongeza kipato, iwapo zimekaushwa vizuri na kuhifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa.

Amueni mapema nani atafanya kazi na nani atashika fedha. Mara nyingi mradi unaoitwa wa familia humwangukia mama, ambaye tayari analima, anapika na kuteka maji, na ukigongana na msimu wa palizi, shamba na mradi vyote huharibika.

Anzeni kwa kiasi ambacho hata kikipotea hakitawalazimu kuuza ardhi, na katika hesabu ya gharama mjumuishe pumba na masalia yaliyotoka shambani kwenu, kwani yangeweza kuuzwa. Mradi ukila zaidi ya unavyoingiza kwa misimu miwili mfululizo, bila ugonjwa wala balaa jingine la kulaumiwa, ufungeni.