Shamba la familia baada ya talaka: panga kwa saa zako, si kwa ekari

Talaka ikishatoka, kinachopungua kwanza shambani ni saa za kazi. Ardhi ni ileile na magugu ni yaleyale, ila jembe la pili halina mshikaji, na watoto bado wanakusubiri nyumbani. Akina mama wengi hupanda eneo lote la zamani, kisha nusu humezwa na magugu pamoja na mbegu na mbolea iliyokwisha nunuliwa.

Anza na karatasi. Orodhesha mazao yaliyo shambani, mifugo, zana na akiba ya ghalani. Nani anachukua nini kiandikwe na kutiwa saini mbele ya mashahidi. Mazao ambayo hayajavunwa ndiyo husahaulika, na ugomvi huzuka siku ya mavuno. Angalia jina lililo kwenye hati ya ardhi, na mikopo uliyoidhamini, maana kwa kawaida mkopeshaji hajali talaka yenu kama saini yako ipo. Umiliki ukiwa haujaeleweka, panda mazao ya msimu tu. Miti ya matunda na kisima visubiri.

Sasa pima nguvu zako. Weka alama mraba wa mita 10 kwa 10, upalilie kwa mwendo wako wa kawaida huku ukiangalia saa. Ekari moja ina miraba kama 40. Tuseme mmoja umekuchukua saa 2: ekari nzima ni saa 80. Mahindi huumizwa zaidi na magugu ya wiki za mwanzo, takriban wiki ya 2 hadi ya 6 baada ya kuota. Ukichelewa hapo, palizi la baadaye halirudishi kilichopotea. Ukiwa na saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 3 za kipindi hicho zinakupa saa 60, yaani miraba 30. Toa siku moja kila wiki kwa ajili ya mvua na mtoto anayeugua: inabaki miraba 24, zaidi kidogo ya nusu ekari. Hilo ndilo eneo lako la mahindi, hata kama shamba lina ekari 3.

Linalobaki, kodisha kwa msimu mmoja mmoja, kwa maandishi yanayotaja mipaka na tarehe ya kuondoka. Au weka viazi vitamu au maboga: ukiyapalilia vizuri mwanzoni, majani hufunika ardhi na kukupunguzia kazi.

Vibarua watafute kabla ya msimu wa palizi, kwani wakati huo kila mtu anawataka. Lipa kwa kipande kilichopimwa, ukitumia mraba uleule, na ukague kabla ya kulipa. Magugu yaliyofukiwa kwa udongo bila kung'olewa huchipua upya mvua ikinyesha.

Kwenye mifugo, hesabu maji kabla ya majani. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku, yaani madumu matatu ya lita 20. Kama maji hayako uani, ni heri kumuuza na kufuga mbuzi wachache au kuku. Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, hivyo 20 watakula kilo 2.4, jua chakula hicho kitatoka wapi kabla ya kununua vifaranga.

Bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa, la lita 16, ni mzigo mzito likijaa. Jaza nusu, na dawa nayo ipunguze nusu. Kosa la kawaida ni kupunguza maji na kuacha dawa palepale, mazao yakaungua. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mpe mtu mzima mwingine kazi hiyo. Watoto wasichanganye dawa wala kuosha bomba.

Ukishavuna, usihifadhi punje mbichi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi moja na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika 2 au 3, iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi juani. Yakikauka sawasawa, tenga kwanza chakula cha nyumbani hadi mavuno yajayo, kisha fedha za mbegu na vibarua, ndipo uuze ziada.