Kabla hujashika shoka gizani

Njombe ya mwezi wa sita na wa saba, baridi haina mzaha. Jua linatua karibu saa 12:30 jioni, ikifika saa 1 giza limeshatanda, na mara nyingi ukungu nao umeshuka. Huo ndio muda ambao mtu anarudi kutoka shambani, anakuta kuni zimebaki magogo matupu na mafiga yanasubiri. Kwa hiyo sitakuambia usipasue kuni usiku. Nakuomba jambo moja: usiku pasua tu kile ulichokwisha kukikagua mchana.

Kuangusha mti, kukatakata magogo kwa msumeno, au kupambana na gogo lenye mafundo, acha mpaka kuche. Mchana chagua vipande vifupi vilivyonyooka, visivyo na msumari, uvitenge karibu na kigogo cha kupasulia. Mti wa mwati ukiwa mbichi hupasuka kirahisi, lakini mlingoti (mkaratusi) uliokauka nyuzi zake hushikana, shoka linanasa au linaruka pembeni. Huo usiuguse usiku. Ukivitenga mapema, pia hutalazimika kuingiza mkono kwenye lundo gizani, wanakojificha nge, tandu na nyoka. Ikibidi, vuta kipande kwanza kwa ncha ya jembe.

Shoka nalo likaguliwe kukiwa na mwanga. Liinamishe, ulitikise. Likicheza hata kidogo kwenye mpini, gongea kabari. Wengi huliloweka kwenye ndoo ya maji: mti unavimba, shoka linakaza, lakini mpini ukikauka hulegea kuliko mwanzo. Jioni moja shoka lililokazwa hivyo lilichomoka nikiwa nimelinyanyua, likapiga ukuta wa jiko, hatua mbili kutoka alipokuwa ameketi mdogo wangu. Nikabaki na mpini mkononi, natetemeka. Tangu siku hiyo siamini maji.

Linalodharauliwa kuliko yote ni taa. Taa iliyo nyuma yako inakutupia kivuli chako mwenyewe juu ya gogo, palepale unapolenga. Tochi ya kichwani inafuata macho, ni kweli, ila mwanga wake hufuta vivuli, na bila vivuli ni vigumu kupima umbali. Penye ukungu ndiyo kabisa, inakurudishia weupe usoni. Weka taa mbili mbele yako, moja kushoto na nyingine kulia, juu kidogo ya kimo chako. Taa ndogo za sola zinatosha. Usimpe mtoto simu akumulikie, maana atasogea ili aone vizuri. Na kama unategemea balbu ya ukutani, amua mapema utafanya nini umeme ukikatika shoka likiwa juu: lishushe palepale ulipolenga, simama, usipige hatua mpaka uwashe tochi ya mfukoni.

Kigogo kiwe kama kimo cha goti, kimetulia chini, ili ukikosa kipande shoka liishie kwenye kigogo na si kwenye muundi wako. Tairi bovu likilazwa juu yake linashika vipande visirukeruke, na hutahitaji kuinama gizani kuvitafuta. Vaa gambuti au viatu vigumu, si ndala. Futa umande kwenye mpini kila mara, na vua glovu za sufu, zinateleza. Watoto wakae ndani. Mtu mzima mmoja awe karibu, lakini hatua tano kutoka kwako, na asiokote vipande mpaka ulaze shoka chini.

Kabla ya pigo la kwanza uwe na kitambaa safi, simu yenye chaji, na namba ya bodaboda anayepokea usiku. Ukijikata, kandamiza kidonda kwa nguvu bila kufunuafunua kutazama. Usipake majivu, udongo wala tumbaku. Nenda zahanati, na hata kama kidonda ni kidogo uliza sindano ya pepopunda.

Ukikosa kipande mara mbili mfululizo, mikono imechoka hata kama wewe hujakubali. Rudisha shoka ndani. Ugali wa usiku huo hauhitaji zaidi ya vipande vichache. Kuni za kuota moto utazipasua asubuhi.